Ni Nani Ataongea na Maman?

Aline,

Sikuulizi hali, maana hali yako nimeiona asubuhi mlangoni: umenuna, macho yamevimba, chai umeiacha mpaka imepoa. Umesema unaenda Kamembe kumuaga Tantine Odette. Sawa. Mpaka urudi jua litakuwa limeshuka, na mimi nimekaa hapa barazani na karatasi. Maman yuko kwenye kiti chake upande wa ukutani, mashine ya kukoboa mpunga inanguruma kule chini kama kila siku. Kesho asubuhi ndiyo basi lako. Nataka nimalize kabla hujarudi, kwa sababu ukiwa mbele yangu nitafoka, nikifoka utanyamaza, na siku ya mwisho itakwisha kama zilivyokwisha nyingine nyingi humu ndani.

Habari ya sanduku ninaijua. Jana niliingia chumbani kwako kutafuta kiberiti, nikalisogeza kwa mguu, nikaliona jepesi. Nguo zote zimerudi kabatini, zimekunjwa vizuri, kama mtu ambaye hajawahi kusikia habari ya safari. Ulikuwa unangoja nini? Basi lifike, dereva apige honi, halafu useme tumbo linakuuma? Wewe mtoto wa laborantin, mpimaji wa labo! Ungesema tumbo linakuuma ningekupa kikopo hapohapo ulete kinyesi nikapime.

Mambo ya kula, ya baridi, ya kuvaa soksi mbili, sitayaandika. Tantine Odette atakuwa amekueleza yote leo. Yeye hajawahi kufika mbali kuliko Butare, lakini theluji anaijua kuliko wenye theluji yao. Mambo ya vijana wa huko pia namwachia yeye. Mimi nina jambo moja tu, lile la Alhamisi.

Alhamisi nilikuuliza kwa nini mtu anayeenda kusoma Ulaya anatembea ndani ya nyumba kama ametoka kuzika. Ulikuwa unamfuta Maman uji mdomoni. Ukasema, "Nikienda, ni nani ataongea na Maman?" Nikakasirika. Nikakuuliza kama mimi hapa ni kabati. Hukunyanyua sauti, hata hukuniangalia. Ulisema, "Unamuoshaka muzuri, Papa. Lakini haumusemeshe."

Nilitoka. Nilitembea kando ya mfereji wa mpunga mpaka karibu na barabara ya Ruhwa, mbu wakanila vizuri, mimi ambaye mbu ndio walionilisha maisha yangu yote. Njia nzima nilikuwa natafuta neno la kukushinda. Sikulipata, mwanangu, kwa sababu ulisema kweli. Nimechelewa kukubali, lakini nisikie, halafu utaamua mwenyewe habari ya hilo sanduku.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikubeba labo ukiwa mdogo, nakuweka juu ya kile kiti kirefu ili uchungulie kwenye mikroskopi? Ulikuwa unafumba jicho lisilotakiwa na kusema unaona nywele zako mwenyewe. Na kweli ulikuwa unaona kope. Mimi pia nilianza hivyo, kule Bukavu, kabla hujazaliwa, kwa mtawa mmoja mfupi, mwenye masharubu kunizidi, Sista Agata. Huyo ndiye aliyenifundisha kusoma tone nene, kipimo cha malaria. Na kwa kuwa ulikimbilia hesabu na ukaniacha na damu yangu, hukuwahi kukaa ukajifunza sawasawa. Kwa hiyo leo nakufundisha kwa nguvu.

Unachukua damu ya kidole, unaiweka juu ya kioo, huisambazi. Unaiacha nene. Ikikauka unaitia rangi. Kwa macho ya kawaida ni doa tu, bapa, kama mtu amemwaga kahawa. Lakini lile doa lina kina. Ukiliweka chini ya mikroskopi unaona tabaka moja peke yake. Kilicho juu ya tabaka hilo ni ukungu, na kilicho chini yake ni ukungu. Kwa hiyo mkono hauachi ile skrubu ndogo ya pembeni. Unaigeuza kidogo, unashuka. Unairudisha, unapanda. Halafu unasogeza kioo mahali pengine, unaanza tena. Anayeanza kazi hagusi skrubu. Anapata tabaka moja linalong'aa, anaridhika, anapita juu yake haraka kama mtu anayekata njia kwenye shamba la jirani, halafu anaandika majibu.

Ndivyo nilivyofanya. Ilikuwa damu ya mama mmoja muuza ndizi, ana homa, analala chini kwenye sakafu ya nje. Nikaangalia, nikaandika "Hakuna", nikachomeka kalamu sikioni kama bwana mkubwa. Sista Agata akasimama nyuma yangu. Akaniuliza kama nimeangalia damu yote ya yule mama. Nikasema hapana, tone moja tu. Akauliza kama nimeliangalia tone lote, juu mpaka chini. Nikaishusha kalamu sikioni. Akaniambia, "Basi 'Hakuna' umeijulia wapi? Andika ulichofanya. Andika: sijaona."

Halafu akakaa yeye, akageuza skrubu muda mrefu mpaka chai yake ikaingia nzi. Na yeye hakuona. Akaandika "Haijaonekana", akamwambia yule mama asiende mbali, arudi tuangalie tena. Aliporudi tukatoboa kidole kingine, na safari hiyo vidudu vilikuwepo. Nilikuwa na aibu, nilikuwa na hasira pia, maana kijana hapendi kufundishwa mbele ya wagonjwa. Lakini tangu siku hiyo sijaandika "Hakuna" kwenye karatasi ya mgonjwa yeyote. Si Bukavu, wala hapa Bugarama tuliporudi, wala mwaka ule watu walipokuwa wanavuka mpaka na virago na magodoro, tunapima kinyesi usiku na mchana mpaka naota kinyesi. Niliandika "Sijaona", na aliyeweza kurudi nikamwambia arudi.

Mgonjwa mmoja tu sikumfanyia hivyo. Na huyo sikumwandikia, nilimtamkia kwa mdomo wangu, yeye akiwa amekaa palepale.

Ulikuwa shule ya msingi Maman alipoanguka. Unakumbuka kuanguka kwenyewe, uliona kabla yangu, ni wewe uliyekimbia mpaka labo bila viatu. Lakini yaliyofuata kule darajani hujui, maana nilikuacha kwa majirani. Tulimbeba kwa ingobyi, machela yetu ya kienyeji, mpaka barabarani, tukampakia juu ya lori la mchele. Kulikuwa na hospitali upande huu, si mbali. Mimi nikamwambia dereva twende kwenye daraja la mpakani, tuvuke Bukavu. Sisi tuliokulia kule tuna ugonjwa huu, Aline: dawa nzuri iko Bukavu, fundi mzuri yuko Bukavu, hata chumvi ya Bukavu inakolea zaidi. Na vita ilikuwa imeanza kule. Daraja limefungwa, milio inasikika mpaka ng'ambo yetu, watu wanakimbilia huku na mimi ndiye mwendawazimu pekee ninayetaka kwenda kule. Askari alinifukuza. Nikakaa pembeni ya barabara na Maman kichwa chake mapajani mwangu, naiangalia Bukavu juu ya vilima vyake, nikisubiri wamalize vita nipite. Siku nzima. Dereva alichoka kunishauri akaondoka na mchele wake.

Kesho yake ndipo nilipogeuka nikampeleka hospitali ya upande huu. Daktari aliniambia mshipa umepasuka kichwani, upande wa maneno na wa mkono wa kulia, na kwamba hata ningewahi pengine isingebadilisha kitu. Pengine. Hilo neno nimelala nalo miaka yote hii. Lakini silo nililotaka kukuambia, hilo ni langu na nimelizoea.

Nataka kusema juu ya Jumapili ile. Watu wa kanisani walikuwa wamejaa humu barazani, wamekuja kutuona, wanakula karanga, wanamzungumzia Maman juu ya kichwa chake kama watu wanaokagua ng'ombe. Papa Samweli akaniuliza, je, anafahamu? Mimi nikajibu, "Haiko tena. Imebakia mwili." Wewe ulikuwa unaleta chai. Hukumwaga, hukupiga kelele. Uliweka sinia chini, ukaenda ukasimama kati ya Maman na wageni, ukawapa mgongo. Ukasema "Maman iko." Halafu ukaanza kumsimulia Maman habari ya mwalimu wenu aliyekaa kwenye gundi. Mbele ya wageni! Mtu mzima na Biblia yake anasikiliza habari ya suruali ya mwalimu. Nilitaka ardhi inimeze, nikakufukuza nje.

Tangu siku hiyo umemsimulia kila kitu. Mvua, mitihani, nani ameolewa, nani amemfukuza nani, mbuzi wa jirani, kwaya mpya inaimba vibaya kuliko ya zamani. Nilikuwa nakusikia kutoka chumbani. Wakati mwingine nilisema, mwache apumzike. Wakati mwingine nilikutania kwamba unahubiria ukuta. Ulikuwa unacheka kidogo kunipa heshima, halafu unaendelea.

Unajua aliyenichoma zaidi ni nani? Yeye mwenyewe. Kabla hajaanguka, Maman alikuwa anaongea jikoni na dada zake wa Nzahaha. Tuliporudi nchini baada ya mauaji, tulifika Nzahaha tukakuta kuta bila paa na majani yameota sebuleni, na hakuna mtu wa kutuambia hata walilala wapi. Tangu hapo akiwa anachambua maharage alikuwa akiwatajia majina, anawauliza kama chumvi inatosha, anamgombeza mdogo wake kwa uvivu. Wewe ulikuwa unadhani anaimba. Sikuwahi kumzuia. Niliona ndivyo mtu anavyobeba vitu vizito, kila mtu na mkao wake. Mama yako aliongea na waliokufa kila siku, na mimi nimeshindwa kuongea na mke wangu aliye hai, ninayemgeuza ubavu kila usiku asiote vidonda.

Sasa nikuambie kwa nini, maana nimefikiri sana kwenye ule mfereji. Ilinirahisishia asiwepo. Ndiyo hivyo. Kama yupo, basi anajua tunavyomvua nguo. Anajua nimemlisha uji wa moto kwa haraka nisichelewe kazini. Alinisikia siku nilipomlilia Mungu amchukue. Kama yupo, amekaa ndani ya hicho kiti miaka yote hii akinisikia nikisema hayupo. Mimi nilikuwa nimechoka, Aline. Bado nimechoka. Kumwosha mtu asiyekuwepo ni kazi, unaifanya, unalala. Kumwosha mtu aliyepo na ana haya ni kitu kingine, na nilidhani nguvu hiyo sina. Kwa hiyo nilishika tabaka moja, lile la mdomo usiojibu, nikaandika majibu.

Halafu ukaniletea samaki wako.

Nilikwenda Kamembe siku ile kwa kulalamika, unakumbuka. Ulisema profesa wako wa huko ametuma filamu, lazima niione kwenye kompyuta, na mimi nikasema filamu nimeziona nyingi, zote wanapigana. Ukanikalisha kwenye duka la intaneti, kati ya vijana wanaoandika barua kwa wachumba. Nikaona giza, na ndani ya giza kitu kama punje. Ukasema ni mtoto wa samaki. Nikasema hata sambaza wetu wa Kivu ni mkubwa kuliko huyu, huyu hata paka hamtaki. Ukasema ndiyo maana: ni mdogo, na ni mwangavu kama maji, mwanga unapita ndani yake. Wamemlaza ndani ya kitu kama jeli asisogee. Yuko hai, na hiki tunachokiona ni kichwa chake.

Nilikuuliza swali la kazi yangu. Nilisema kichwa kina kina, hata cha samaki. Ukiangalia tabaka moja mengine yote yatakuwa ukungu, sasa nyie mnafanyaje? Ulifurahi mpaka ukanipiga begani mbele za watu. Ukasema, ni tone nene, Papa, ni tone lako lilelile! Ule mwanga wao unaamsha rangi kwenye kina kimoja tu kwa wakati mmoja, juu yake na chini yake panabaki giza, hapana ukungu. Mashine inasoma tabaka hilo, inashuka, inasoma linalofuata, inashuka tena, upesi kuliko mkono wa muntu yeyote. Halafu inayapanga yote moja juu ya jingine, na kichwa kinasimama kizima, unakizungusha unavyotaka. Na rangi waliyotumia si rangi ya kupaka kitu kilichokufa. Inawaka pale seli inapofanya kazi, na inazima ikitulia.

Halafu ukabonyeza. Na mimi nikaona.

Maisha yangu yote, Aline, nimeangalia vitu vilivyokauka. Damu iliyokauka, makohozi yaliyokauka, kila kitu kimekufa na kupakwa rangi ndipo tunakiona. Ukitoa amiba kwenye kinyesi kibichi, sijawahi kuona kitu chini ya kioo kinachoishi maisha yake. Na huyo samaki wako amelala tuli. Mkia hausogei, jicho halisogei. Ukimwona kwa nje utasema amekufa, umtupe. Lakini kichwani taa zinawaka upande huu, zinajibiwa upande ule, zinashuka chini, kimya, tena ghafla sehemu nyingi kwa pamoja, kama Kamembe umeme ukirudi. Nilikuuliza anafanya nini huyo. Ukasema hawajui bado, ndicho wanachotafuta. Wanachojua ni kwamba wamemwonyesha kivuli kikipita, na hizo ni taa za kukiona kivuli. Nikauliza tena, nikijifanya sikusikia, "Na hasogei?" Ukasema, "Hata kidogo, Papa."

Njia yote ya kurudi Bugarama niliangalia nje ya dirisha. Ulidhani nimechukia safari. Nilikuwa naona aibu, na sikuwa na mahali pa kuiweka ndani ya gari lililojaa vile.

Usiogope, sikukimbilia kujenga ndoto. Nakumbuka ulivyoniambia siku hiyohiyo, kabla sijauliza: mashine hii haiwekwi juu ya kichwa cha mtu. Mfupa ni mnene, ubongo ni mkubwa, mwanga hauendi mbali. Ni samaki na panya tu, na miaka mingi ya kazi mpaka mtu aelewe hata hivyo vya samaki. Ulisema kwa sauti ya daktari anayeogopa ndugu wa mgonjwa. Nilikusikia. Hakuna aliyekutuma ukamletee Maman dawa, na ukijituma mwenyewe kazi itakuwa nzito na utaanza kuona vitu unavyotaka kuviona, na huo ndio mwisho wa mtu wa labo. Nenda ukaangalie samaki kwa ajili ya samaki.

Sasa ya leo.

Ulipoondoka nilimwosha Maman, nikamvisha kile kitenge cha majani, nikamtoa hapa. Kwa kawaida hapo ndipo naondoka. Leo nilichukua kigoda nikakiweka mbele yake, magoti karibu yaguse magoti. Nikakohoa. Utanicheka. Mtu niliyemtongoza mwenyewe Bukavu, kwa maneno matamu, nyuma ya kanisa, na leo sijui pa kuanzia. Nikamwambia mashine ya mpunga iliharibika tena wiki iliyopita. Nikamwambia mbuzi wa Papa Samweli amekula soksi za kuhani zikiwa zimeanikwa. Nikaona haya kama nasema peke yangu, nikaangalia barabarani kama kuna mtu ananiona. Halafu nikakukumbuka wewe na suruali ya mwalimu, mbele ya wale wazee wote, na ulikuwa mtoto mdogo. Nikaendelea.

Nikamwambia habari ya daraja. Hiyo hakuwahi kuisikia kutoka kwangu. Nikamwambia niliyoyasema Jumapili ile, kama anaikumbuka, na kwamba nilikosea kazi, nilisoma vibaya. Nilimwomba samahani. Nililia pia, ni vizuri ujue, nisije nikasikia kutoka kwa jirani.

Halafu nikamwambia juu yako. Nikamweleza samaki, na tabaka, na taa, nikimchorea kwa kidole kwenye goti lake. Nikamweleza kwamba wewe umetoa nguo kwenye sanduku kwa sababu unaogopa akibaki na mimi atabaki na mtu bubu. Na nikamwuliza, kama nilivyokuwa nikimwuliza kila kitu zamani, kabla ya kununua hata kuku, "Maman Aline, mtoto aende?"

Nikangoja. Hapo ndipo nilipojua sijawahi kumngoja. Watu wote tukimwuliza kitu tunahesabu pumzi mbili, tatu, halafu tunajijibia wenyewe. Leo nilikaa. Niliangalia mkono wa kushoto, kidole kwa kidole. Niliangalia mdomo, nikarudi kwenye jicho, nikashuka shingoni pale mshipa unapopiga, nikapanda tena. Niliangalia kama ninavyoangalia tone la mtoto mwenye homa ambaye mama yake amesimama dirishani. Maharage niliyobandika jikoni yaliungua, nikayasikia yakinuka, sikuinuka. Nzi alimpitia, akapepesa macho, lakini kwa nzi kila mtu anapepesa macho, hiyo siihesabu. Jua lilihama kutoka miguuni pake likafika ukutani.

Sitakudanganya ili uondoke. Ungekuwa mtu mwingine ningekuandikia kwamba alinibana kidole, au chozi lilimtoka, na ungelia na kupanda basi. Wewe utaenda kuishi na watu wanaotafuta ukweli kwa mashine, siwezi kukuanzisha kwa uongo. Pia, tukisema kweli, ungerudi hapa jioni ungemwuliza mwenyewe, na mimi ningeumbuka.

Baada ya hapo niliingia chumbani kwako, nikatoa nguo kabatini, nikazipanga sandukuni mwenyewe. Nimezikunja vibaya, usiseme. Sanduku nimelitoa hapa barazani, nimeliweka mahali ambapo Maman analiona. Au linapomkabili, tuseme hivyo, kwa vile hatujui. Na barua hii ninamsomea kila nikimaliza kipande. Pale penye masharubu ya Sista Agata nimesoma mara mbili, maana alimjua, na zamani alikuwa anamwigiza vizuri sana.

Kwa hiyo ukiniuliza tena lile swali lako, jibu ni mimi. Vibaya, kwa kukohoa, kwa habari za mbuzi, maana sina nyingine. Siku nyingine nitachoka nitasahau, nitamvisha na kuondoka kimya kama gogo, najijua. Lakini kesho yake nitarudi kwenye kigoda. Kesho, basi lako likishapita Ntendezi na kuanza kupanda msituni, nitakaa mbele yake nimwambie umefika wapi. Nitamwambia kuna baridi na umevaa sweta la Tantine Odette. Ukiniandikia, andika "Wapenzi wazazi wangu", na uandike mambo ya kuchekesha, kwa sababu nitasoma kwa sauti.

Nasikia mlango wa uani, nadhani ni wewe. Naandika upesi.

Nimemwuliza Maman kama uende. Nimeangalia juu mpaka chini, kwa uvumilivu wote nilio nao, na majibu ya leo ni haya: sijaona. Nenda, mwanangu. Kesho nitaangalia tena.

Papa